Roza Nkuba na Chatu wa Kichuguuni

Roza Nkuba anachukia nyoka. Hilo lijulikane kwanza, maana watu wa Madibira wana midomo, na ukiwauliza habari zake watakuambia yule mama Msukuma wa karibu na mfereji mkuu anafuga majoka, anaongea nayo, na pengine analala nayo. Uongo mtupu. Katika Mbarali nzima hakuna anayewachukia nyoka kama yeye. Wengine wanamchukia nyoka wa kusimuliwa. Roza anamchukia nyoka aliyemzolea kinyesi.

Baba yake, mzee Nkuba, alikuwa wa Bayeye, wale Wasukuma wanaocheza ngoma na nyoka shingoni. Aliposhuka Usangu na ng'ombe wake kutoka Maswa, miaka ya themanini mwanzoni, alikuja na mke, watoto wawili, na sanduku la mbao lenye chatu. Sanduku likakaa chini ya kitanda cha watoto. Makoye, mtoto wa kiume na mkubwa, alifundishwa nyimbo, maneno ya kuita mizimu na dawa za kuumwa. Roza, kwa kuwa ni wa kike, alifundishwa kusafisha sanduku.

Wewe ambaye hujawahi kusafisha sanduku la chatu, mshukuru Mungu wako. Chatu anakula leo, anakaa wiki kadhaa, kisha anatoa kitu cheupe kama chokaa iliyolowa, kimechanganyika na manyoya na kucha za aliyemla, na harufu yake inaingia mpaka kwenye nywele. Chini ya magamba kuna kupe. Unawatoa mmoja mmoja kwa kucha. Na ukimshtua akiwa ameshiba anamtapika kuku mzima, mlaini, ameshaanza kuyeyuka, na wa kumzoa ni wewe. Roza alizoa tangu ana miaka sita mpaka anaolewa. Shuleni walimwita binti joka, na waliojiona wana akili zaidi wakamwambia mtoto wa nyoka ni nyoka. Alikuwa ananawa mikono mpaka ngozi inachubuka.

Ndiyo maana alipotokea Rabson Kalinga, Mhehe wa Kilolo, Mlutheri, mkulima wa mpunga asiyetaka kumwona hata kenge, Roza alimkubali kabla hajamaliza kujieleza. Akabatizwa, akaingia kwaya, akamzaa Lea na wadogo zake, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakugusa nyoka wa aina yoyote.

Kilichomrudisha si mapenzi. Ni kinyaa kikubwa kuliko kile cha kwanza.

Mwaka juzi, msimu wa mavuno, alikuwa anatoka shambani akakuta kundi la watu kando ya mfereji. Walikuwa wamemkuta chatu aliyemeza mbuzi, tumbo limevimba, hawezi kukimbia wala kujigeuza. Walimchokonoa kwa mipini ya majembe mpaka akamtapika yule mbuzi, ameshalegea, manyoya yanatoka kwa viganja. Hapo wakaanza kupiga. Wengine walipiga picha kwa simu, mguu mmoja juu ya kichwa. Mmoja alimwekea sigara mdomoni. Kisha akaja mama mmoja na sufuria, mama anayejulikana kabisa, akampasua akaanza kukata mafuta ya kuchulia viungo, na moyo wa yule mnyama bado unapiga ndani ya mbavu, kila mtu anauona. Mafuta hayo utayakuta kwenye meza za barabarani pale Igawa, ndani ya vichupa vya dawa ya kikohozi, na nusu yake ni mafuta ya kula tu. Watu wazima na akili zao wanajipaka.

Roza alitapika palepale njiani. Tangu utoto alikuwa hajawahi kuona nyoka amefanya kitu kichafu kama kile.

Kesho yake alikwenda kwa afisa wanyamapori, binti wa Iringa anayeitwa Severina, akamweleza yote. Severina akasema sheria inamlinda chatu, lakini sheria haiwezi kumkamata chatu ikamtia kwenye gunia kabla watu hawajafika na mapanga. Akauliza kama kuna mtu yeyote huku anayejua kumshika.

"Mimi najua," Roza akasema. "Kwa bahati mbaya."

Toka hapo, chatu akionekana bandani au shambani, anaitwa mama Lea. Anakuja na buti za mpira na magunia mawili, uso umekunjwa kama mtu anayemezeshwa mwarobaini. Anamkamata nyuma ya kichwa, anamtia guniani, anamkabidhi Severina akamwachie kwenye matete ya mbali. Njia nzima anatema mate. Akifika nyumbani Rabson anamsubiri uani na ndoo ya maji na sabuni ya unga, na hampi hata salamu mpaka anawe mara tatu.

Sasa tuje kwenye kichuguu.

Mwezi wa kumi na moja uliopita, wachungaji wa ng'ombe waliona chatu jike kwenye kichuguu kikubwa, ng'ambo ya mashamba ya mwisho. Muhanga alikuwa ameshachimba shimo pale akahama, na yule jike akaingia akataga. Mayai thelathini na nane, Severina aliyahesabu kwa tochi, kila moja kubwa kuliko la bata, yameshikana kama fungu. Kijiji kikaitisha mkutano. Wazo lililopendwa lilikuwa petroli.

Severina akasoma sheria, watu wakapiga miayo. Ndipo Roza akasimama, na anavyosimama Roza unajua kuna mtu ataumbuliwa.

"Kila mwaka mnalia panya wamemaliza mpunga," akasema. "Kila mwaka mnalia ndezi wamekata mashina. Anayekula ndezi ni nani? Ni yule paka wako, mwenyekiti, anayelala juu ya friji?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti Sedekia naye akacheka, ila kidogo.

Roza akawaeleza. Chatu akishataga hali. Miezi miwili, mitatu, hali kitu. Asubuhi anatoka kuota jua mpaka mwili unakuwa wa moto kama jiko, kisha anarudi ndani, anajizungushia mayai ayape ule moto. Ukipoa, anatoka tena. Ngozi yake inageuka nyeusi ili ishike jua vizuri. "Huyo mnayemwogopa atakula mbuzi wenu amefunga kula," akasema. "Mwacheni atotoe, watoto watawanyike, naye aende zake. Mimi simpendi. Ananitia kinyaa. Lakini nyie mlinitia kinyaa zaidi yake, na mnajua siku gani."

Kisha Sedekia akatoa uamuzi, ukaandikwa kwenye muhtasari wa kikao: chatu aachwe mpaka mayai yaanguliwe, Roza Nkuba ndiye mdhamini. Mambo yakienda sawa, kijiji kitamwita Roza kwa kila chatu. Yakiharibika, iwe kwa namna yoyote, Roza akae na kwaya yake, na kila chatu atakayeonekana Madibira atapigwa kwa panga. Roza akatia sahihi.

Akawa anapita kila asubuhi, anasimama mbali, anaangalia. Chatu alikuwa anazidi kukonda na kuwa mweusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Roza alimwona mbaya kuliko chatu wote aliowahi kuwaona. Akamhesabia siku hivyohivyo, ya arobaini, ya hamsini.

Kumbe habari zilishafika Igawa, kwa Makoye.

Makoye ndiye mkubwa wa Bayeye sasa, amerithi ngoma ya baba na sanduku lake. Na kwa Makoye, nsato, yaani chatu, aliyelala kwenye mayai karibu na ukoo wake hakuwa suala la mikutano na mihtasari. Alikuwa ni babu amekuja kutembea. Mgeni wa namna hiyo anasalimiwa. Basi Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, Roza yuko kanisani, Makoye alifika na watu wake wamejifunga nguo nyeupe. Wakaimba. Wakachinja kuku mweupe kwenye mdomo wa shimo, damu ikamwagika kuelekea ndani, juu yake wakamwaga maziwa na samli. Hawakumgusa chatu, hawakumrushia hata jani. Wakarudi Igawa wamefurahi, na Makoye akampigia dada yake simu jioni kumwambia babu ameshasalimiwa, asiwe na wasiwasi.

"Mmemsalimia na nini?" Roza akauliza.

Makoye akataja. Roza akauliza tena, "Na majivu?"

"Majivu gani?"

Alfajiri, kabla jua halijapanda, alikuwa kwenye kichuguu, na alichoogopa kilishakuwepo. Siafu. Mvua zilikuwa zimewatoa, damu na samli zikawaonyesha njia, na walikuwa wanaingia shimoni kwa msafara mnene kama mkono wa mtu. Juu ya matope kulikuwa na mburuzo mpana unaoelekea kwenye matete. Chatu alikuwa ameondoka.

Hapo Roza alimtukana kwa sauti. Mama gani huyo. Kuku tu, kitoweo tu, angepigana na mwewe kwa ajili ya vifaranga vyake, na hili joka zima, mita nne na zaidi, limekimbia sisimizi likawaacha watoto. Alikuwa amebeba beseni na ndoo ya majivu, na majivu aliyamwaga yote pembeni mwa shimo kukata msafara, kisha akalala kifudifudi akaingiza mikono.

Mayai ya chatu hayana gamba gumu. Ni kama ngozi iliyolowa, yanabonyea, yanateleza, na yanabandukana kwa shida. Siafu walikuwa wanamng'ata mpaka ndani ya nguo, kwapani, shingoni, masikioni. Mengine yalikuwa yameshatobolewa na yanachuruzika kitu cha njano chenye harufu ya maiti. Alikuwa anatoa yai, ananusa, analiweka kwenye beseni. Anatoa lingine, ananusa, analirudisha. Hivyo ndivyo alivyochagua, kwa pua yake. Ishirini na matatu mazima akayachukua. Kumi na matano yaliyonuka akayaacha humohumo shimoni, na matapishi yake mwenyewe juu yake.

Makoye alipofika mchana na pikipiki, alimkuta dada yake uani, amevimba uso mzima, anang'oa vichwa vya siafu kwenye mikono.

"Mdogo wangu, mzee alikuwa anafanya vilevile," Makoye akasema. "Maneno yaleyale, kuku yuleyule, samli ileile. Sijaruka kitu. Mimi nilikuwa nasimama pale pale ubavuni kwake."

"Ulikuwa unasimama mbele," Roza akasema. "Nyuma ya sanduku nilikuwa mimi. Kila mkimaliza kumwaga damu yenu na kuimba, mimi nilikuwa nazungushia sanduku majivu, kote, upana wa kiganja, siafu wasiingie. Kila mara, kaka. Miaka kumi na mitatu. Hukuwahi kuniona?"

Makoye akasema alimwona, ila alidhani anafagia.

Hiyo ndiyo Bayeye kwa ufupi, kama utataka kuijua. Nyimbo zimehifadhiwa, maneno ya mizimu yamehifadhiwa, hata rangi ya kuku imehifadhiwa. Kilichokuwa kinamweka nyoka hai kilikuwa kazi ya msichana na ndoo, kwa hiyo hakikuhesabiwa kuwa ni mila. Makoye alilia, Roza hakumbembeleza. Alimwambia aondoke na akanawe.

Yale mayai yalikaa jikoni. Severina alileta kipimajoto na maelekezo: yafukiwe nusu kwenye pumba za mpunga zenye unyevu, yasipoe, yasichemke, na kila moja litiwe alama ya mkaa juu, kwa sababu yai la chatu likigeuzwa, kitoto kinakufa ndani. Beseni likawekwa karibu na mafiga, limefunikwa gunia bichi. Roza alikuwa anapika ugali huku amelipa mgongo. Harufu ilikuwepo, hata ukiweka vitunguu. Mayai mawili yakaharibika, yakatokwa na ukungu wa kijani, akayatoa kwa kijiko alichokitupa chooni.

"Mama Lea," Rabson akasema siku ya tatu, "mimi ni mzee wa kanisa."

"Najua, baba Lea."

"Siwezi kula chakula kilicholala na nyoka."

"Basi pika chako."

Na Rabson akapika. Alijiwekea mafiga matatu uani, mbele ya macho ya majirani, mzee mzima wa kanisa anasonga ugali peke yake na kuunguza mboga. Lakini hakusema mayai yatoke. Siku ya mvua kubwa, kuni zilipolowa, yeye ndiye aliyeingia jikoni amejiziba pua kwa leso na kuongeza mkaa karibu na beseni.

Wanawake wa kwaya walikuja kuchungulia, wamejikunyata mlangoni. Roza akawa anawasimulia habari za yule mama aliyekimbia. Alimsimulia vibaya. Alisema ukitaka kujua nyoka ni takataka usiangalie meno yake, angalia alivyotupa watoto. Alisema yeye mwenyewe, asiyewapenda, amewatunza kuliko aliyewazaa. Wanawake wakaitikia, wakasema kweli kabisa, wapo hata binadamu wa hivyo. Neno hilo lilimfurahisha Roza, akalirudia wiki nzima, kisimani na kanisani. Kule kichuguuni hakurudi tena. Aende kuangalia nini, mayai yaliyooza?

Wiki ya nne mayai yakaanza kupasuka. Vichwa vidogo vikachungulia, vikarudi ndani, vikachungulia tena. Wamelowa ute, wananuka, na mmoja mwembamba kuliko mpini wa jembe akamng'ata Roza kidole. Walitoka kumi na saba; mayai manne hayakupasuka. Sedekia mwenyewe akaja kuhesabu, amesimama juu ya kiti, akasema kijiji kitashika neno lake. Roza alikuwa ameshinda. Alikwenda nyuma ya nyumba akatapika, akarudi.

Severina alifika na ndoo yenye mfuniko. "Shikamoo mama. Tuwapeleke kwenye shimo lao," akasema. "Kwa kawaida siku za mwanzo wanakaa na mama yao. Mchana wanaota jua mlangoni, jioni wanarudi kulala juu ya mwili wake, anawapa joto."

"Hawa hawana mama," Roza akasema.

"Watajificha tu, mama. Shimo ni zuri."

Harufu iliwapokea hatua kumi kabla ya kichuguu. Roza akajiziba pua kwa kanga, akasema ni yale kumi na matano. Ila nyasi za mlangoni zilikuwa zimelala, zimelainika, kama mahali panapolaliwa kila siku. Severina akawasha tochi, akamulika, kisha akampa Roza tochi.

Alikuwepo. Amekonda mpaka uti wa mgongo umesimama kama mshono, mweusi, ngozi imekunjamana ubavuni. Siafu walipopita alikuwa amerudi, pengine kesho yake tu, akakuta mayai aliyoachiwa, akajizungusha juu yake. Karibu mwezi mzima alikuwa anatoka kuota jua na kurudi kuyapa joto. Katikati ya mikunjo yake yalionekana yale kumi na matano, mengine yamebonyea, mengine yamepasuka na funza wanatembea, na yeye ameyakumbatia yote, hakuna hata moja lililokuwa nje.

"Huenda asifike masika," Severina akasema taratibu.

Roza alipiga magoti. "Nilichukua mazima," akasema. "Uozo nikamwachia yeye. Halafu nikakaa mwezi namtukana kanisani."

"Mama, hukujua. Subiri nikupe glavu."

Roza hakusubiri. Aliingiza mkono kati ya mikunjo. Chatu akainua kichwa, akamwangalia, akakilaza tena. La kwanza lilimpasukia kiganjani, maji meusi yakateremka mpaka kwenye kiwiko. Akalitoa. Akatoa la pili, la tatu, anaokota vipande, anaokota funza, machozi na makamasi yanamtoka, anatema pembeni na kuendelea, mpaka likatoka la mwisho. Alipotaka kuuvuta mkono, chatu akahisi pale katikati pamebaki patupu. Akajivuta taratibu, akauzungushia ule mkono wa Roza mikunjo miwili, bila kuubana, mwili wake bado una moto wa jua la asubuhi.

Roza aliyachukia yale magamba kwenye ngozi yake kama alivyoyachukia akiwa na miaka sita. Akauacha mkono palepale, akamwambia Severina awapitishe watoto ndani kwa mama yao, mmoja mmoja.